Wiki sita za Kiingereza cha jioni pale Ligula

Mimi ni karani kwenye ofisi ya usafirishaji hapa Mtwara mjini. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, barua pepe haziishi, na nyingi ni za Kiingereza, maana wanunuzi wakubwa wa korosho ghafi wako India na Vietnam. Kiingereza cha kidato cha nne ninacho. Kilichokuwa kinanishinda ni kile cha kati, cha kumweleza mtu wa mbali jambo limetokeaje bila kujitia hatiani na bila kumdanganya.

Msimu wa juzi magunia 14 yalilowa mvua wakati wa kupakia. Nikaandika: "We wet 14 bags." Moyoni nilikuwa nasema "magunia 14 yamelowa", ila mnunuzi alisoma kwamba tumeyalowesha sisi, kwa mikono yetu. Akadai fidia. Wiki mbili nzima tulikuwa tunaelezana, na mimi usingizi sipati. Hapo ndipo nilipokata shauri kutafuta darasa.

Kabla ya hapo nilishakaa miezi miwili kwenye kituo kingine hapa mjini. Kila wiki unapewa orodha ya maneno 50, unakariri, Ijumaa unatahiniwa, Jumatatu umesahau. Sikurudi.

Hili la Ligula linaendeshwa na mwalimu mstaafu wa sekondari, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja jioni, kwa wiki sita. Ada shilingi 60,000, na anakubali ulipe mara mbili. Tulikuwa watu 11: madereva wa malori, muuguzi, vijana wawili wa hoteli za Mikindani, na mzee mmoja mtunza ghala ambaye sote tulimwamkia shikamoo kabla hata ya kumwamkia mwalimu.

Somo la kauli ya kutendwa ndilo lililonifanya niandike haya. Mwalimu aliingia na gunia tupu, akalitandaza mezani, akauliza: "Haya, korosho inafikaje humu, na gunia linafikaje melini?" Tukajibu kwa Kiswahili, kila mtu na lake. Korosho zinaokotwa, zinatenganishwa na mabibo, zinaanikwa, zinapelekwa chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinawekwa daraja, zinatunzwa ghalani, zinauzwa mnadani, zinapakiwa. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa mkulima kuweka korosho ghalani akapewa stakabadhi mpaka ziuzwe mnadani, tunao tangu 2007, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufikiri. Yeye anaandika tu ubaoni. Alipomaliza akachukua chaki nyekundu akazungushia kila "w" iliyokaa kabla ya "a" ya mwisho.

"Mmeona? Hakuna hata mmoja aliyetaja nani anaokota. Mmelifuata gunia. Basi Mwingereza naye anapolifuata gunia, anafanya hivihivi, ila yeye hana w. Ana be, na kitenzi cha umbo la tatu."

Tukaligeuza neno kwa neno: the nuts are picked up, are dried, are weighed, are graded, are stored, are auctioned, are loaded. Hapo kwenye "picked up" alitusimamisha. Embe linachumwa mtini, hilo ni "picked". Korosho inaachwa idondoke yenyewe, ndipo inaokotwa chini, hiyo ni "picked up". Nimeuza na kusafirisha korosho miaka saba sijawahi kuliona hilo. Kisha akaja kwenye "brought" na "bought". Herufi moja tu, lakini ukiandika "the bags were bought" badala ya "were brought" umeshamwambia mtu mzigo umenunuliwa, kumbe umeletwa tu ghalani unasubiri mnada. Kwenye kazi yangu hiyo ni kesi.

Muuguzi naye akasema "I was stolen my phone." Wengi wetu tungesema hivyohivyo. Mwalimu hakumcheka. Alieleza kwamba Kiswahili kinampa nafasi ya mbele mtu aliyepatwa na jambo: nimeibiwa, nimenyeshewa, nimefiwa. Kiingereza kwenye wizi kinaitanguliza simu: "My phone was stolen." Na kwenye "nimefiwa na mama" hakuna kauli ya kutendwa ya kila siku kabisa, utasema "I lost my mother" au "My mother died."

Yule mzee akasema taratibu, "Kumbe mfiwa wao hawana neno lake."

"Lipo, mzee wangu, bereaved. Ila hilo linakaa zaidi kwenye maandishi, mtu halitamki sana akiwa nyumbani."

Darasa lilinyamaza kidogo. Nimesoma Kiingereza tangu darasa la tatu, na siku ile ndiyo ya kwanza kuhisi kwamba lugha mbili zinaweza kumtazama mtu mmoja kwa macho tofauti.

Wiki ya nne ilikuwa maneno ya maamuzi. Dereva mmoja alisema "cut a decision", na chanzo chake tunakijua sote, kukata shauri. Kwao uamuzi haukatwi, unafanywa: "make a decision", au "make up your mind". Moyo ukisita, "I'm in two minds." Ukibadili wazo, "on second thoughts." Nililolibeba mimi ni "Let me sleep on it", yaani niache nilifikirie mpaka kesho. Mnunuzi akinibana kwenye simu nikubali bei ya usafiri papo hapo, nalisema hilo, na mpaka leo hakuna aliyekasirika.

Halafu akaunganisha masomo mawili. Akaandika "It has been decided" ubaoni, akauliza: "Imeamuliwa na nani?" Barua nyingi za ofisi zinaandikwa hivyo, aliyeamua haonekani. Akatufundisha kuuliza kwa adabu: "May I know who made this decision?" Na sisi wenyewe akatuonya: kama kosa ni letu, "we" ibaki palepale.

Msimu huu magunia sita yalilowa tena. Nikaandika: "Six bags were soaked by rain while they were being loaded. We should have covered them earlier, and we will replace them." Jibu lilikuja mchana uleule, wakakubali, kazi ikaendelea.

Kasoro zipo. Karatasi za mazoezi ni kopi ya kopi, nyingine hazisomeki. Mazoezi ya kusikiliza hakuna kabisa, na mimi kwenye simu matamshi ya wateja wangu bado yananipa taabu. Umeme ukikatika mnaendelea kwa taa za simu. Na kama "was" na "were" bado zinakuchanganya, usianzie hapa, utaachwa nyuma wiki ya kwanza.

Awamu mpya huanza Jumatatu. Wahi kabla ya saa kumi na moja, maana viti vyenye meza ni vinane tu, wanaochelewa huandikia magotini.