Miche ya mukau ya KEFRI Kitui: inafaa kwa msitu wa utafiti wa shule?

Kwa shule ya Kitui, Makueni au Mbeere inayotaka wanafunzi wapande msitu na kuuchunguza wenyewe, miche iliyoboreshwa ya mukau (Melia volkensii, mti wa mbao wa nyanda kame) ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Mbegu zake zinatoka mashamba ya Tiva na Kibwezi, ambako KEFRI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya) na JICA (shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa) walipandikiza vikonyo vya miti iliyochaguliwa kwa kukua haraka, kunyooka na kustahimili ukame.

Nunueni miche, si mbegu. Kokwa ya mukau ni ngumu mno: huvunjwa, mbegu ikatolewa bila kuumizwa, ikakatwa ncha, ikalowekwa, kisha ganda likachanwa kwa wembe ndipo ipandwe kwenye mchanga uliochomwa. Mchanga ukiwa mchafu, kuvu huozesha mbegu zote. Ni somo zuri la biolojia, lakini halitawapa miche 100.

Na 100 ndiyo inayohitajika. Pimeni vipande vinne vya miti 25, nafasi ya mita 4 kwa 4. Ni chini kidogo ya nusu ekari. Viwili viwe vya miche iliyoboreshwa, viwili vya mukau wa mbegu za kijijini, na kipi kiwe wapi kiamuliwe kwa kura. Mashimo yawe ya sentimita 45 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi. Mti ukishapita kimo cha kupimia, wanafunzi wapime mzingo wa shina mita 1.3 kutoka ardhini, wagawe kwa 3.14 wapate kipenyo.

Ugumu uko kwenye machipukizi ya pembeni. Lazima yang'olewe kwa vidole kila wiki yakiwa laini. Yakiachwa huwa matawi, na mbao hujaa mafundo. Mvua ya kutegemewa Ukambani ni ya Oktoba hadi Desemba, na ndipo shule hufungwa! Kipande kikikosa wa kukihudumia likizo, mtakuwa mnapima uzembe, si ubora wa mbegu. Pangeni zamu ya wanafunzi wanaoishi karibu, kila mmoja aandike tarehe kwenye daftari la kipande chake.

Ua utangulie miche, kwa sababu mbuzi hupenda sana majani ya mukau. Mchwa nao wakaguliwe mwaka wa kwanza. Shule yenye udongo mweusi unaotuamisha maji itafute mti mwingine. Mukau hautastawi hapo.