REAPER na kazi ya kutoa miksi iliyokamilika: tathmini kutoka studio ndogo ya Dodoma

Prodyuza wengi hapa Dodoma huchagua programu ya kurekodia kwa kuangalia plagini na ala zake, na wachache huuliza itafanyaje kazi pale miksi inapokamilika na faili linatakiwa kumfikia mwenye wimbo. Kwa studio inayorekodi kwaya na ngoma za asili swali hilo ni zito, kwa sababu wimbo mmoja hudaiwa kwa sura nyingi: mwalimu wa kwaya anataka MP3 ya kurusha kwenye kundi la WhatsApp, mtengeneza video anataka WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ya kHz 48, na msambazaji wa mtandaoni anataka WAV yake. Hapo ndipo REAPER, programu ya kampuni ya Cockos iliyoanzishwa na Justin Frankel, yule yule aliyebuni Winamp, inaponiridhisha kuliko hata katika kurekodi kwenyewe.

Kwa sura, dirisha lake la kurenda, yaani la kutoa faili la mwisho, halivutii. Ukibonyeza Ctrl+Alt+R unakutana na visanduku na menyu zilizobanana, zote kwa Kiingereza, na mgeni anaweza kudhani ameingia mahali pasipomhusu. Lakini kila kitu kiko mbele ya macho: chanzo cha sauti, mipaka ya kinachotolewa, jina la faili, kiwango cha sampuli na fomati. Kuna pia nafasi ya fomati ya pili, hivyo WAV na MP3 hutoka kwa mkupuo mmoja. WAV ya biti 24 kwa kHz 48 hula takriban megabaiti 17 kwa dakika, wakati MP3 ya kbps 320 hula megabaiti 2.4 tu; kwa wimbo wa kwaya wa dakika sita, hiyo ni tofauti ya zaidi ya megabaiti 100 dhidi ya 14 hivi, na anayelipia bando anaielewa tofauti hiyo bila kufundishwa.

Kipengele kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni mkia, yaani muda ambao programu huendelea kutoa sauti baada ya mwisho wa mipaka. Thamani inayokuja nayo ni milisekunde 1000. Kwa muziki wa biti unaokatika ghafla, hiyo inatosha. Kwa ilimba ya Kigogo, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole, haitoshi hata kidogo, kwa kuwa baadhi ya vyuma vyake havipigwi bali huitikia vile vinavyopigwa, na mvumo huo, ukichanganyika na mwangwi ulioongezwa kwenye miksi, huendelea muda mrefu baada ya kidole kuondoka. Mimi huweka 5000, kisha huhifadhi mpangilio wote kama priseti, na tangu hapo kazi ya kila siku huwa ni kuchagua jina la priseti na kubonyeza.

Jambo la pili ni takwimu. Renda ikiisha, REAPER huonyesha picha ya wimbi la sauti, kilele cha juu kabisa na ukubwa wa sauti kwa LUFS, kipimo kinachofuata jinsi sikio linavyousikia ukubwa huo, na ipo namna ya kupata vipimo hivyo bila kuandika faili lolote. Umuhimu wake huonekana zaidi kwenye muheme, ngoma zinazopigwa na akina mama wa Kigogo, ambazo pigo lake hupanda ghafla mno: miksi inayosikika ya wastani kwenye spika inaweza kuwa na vilele vinavyogusa desibeli sifuri, kikomo cha sauti ya kidijitali, na kubanwa kuwa MP3 huvisukuma juu zaidi. Kwenye dirisha la kurenda ipo pia limita ya vilele halisi, yaani kizuizi kisichoruhusu sauti kupita kiwango ulichoweka, nami huiweka kwenye desibeli −1. Vipimo hivi pia humaliza mabishano na wateja wanaotaka wimbo "ugonge" kuliko wa jirani, kwa sababu Spotify hushusha nyimbo hadi karibu LUFS −14 kwa mpangilio wake wa kawaida, kwa hiyo wimbo uliosukumwa hadi −8 hushushwa tu, ukiwa tayari umepoteza uhai wake.

Kwa kwaya iliyorekodi nyimbo kumi katika projekti moja, kila wimbo huwekewa rijoni, yaani alama ya mwanzo na mwisho wake, yenye jina lake, na kwa kuandika $region mahali pa jina la faili, zote kumi hutoka zikiwa na majina sahihi. Ila tahadhari inahitajika kwenye kusawazisha ukubwa wa sauti: ukiacha kila faili lifikishwe kwenye LUFS ile ile, wimbo wa maombolezo utapandishwa hadi ulingane na ule wa shangwe. Chaguo la kuongeza nyimbo zote kwa kiasi kimoja lipo, lakini limejificha kwenye dirisha la ndani, na hilo nalihesabu kuwa kasoro.

Kasoro nyingine ni menyu ya mipaka, ambayo hukumbuka chaguo la mwisho la projekti. Mtu aliyetoa kipande cha kiitikio asubuhi anaweza kutoa kipande hicho hicho jioni akidhani ni wimbo mzima, kwa hiyo mstari huo usomwe kila mara kabla ya kubonyeza. Foleni ya renda, kwa upande wake, naisifu bila masharti: huhifadhi hali ya projekti kama ilivyo wakati huo, nawe unaweza kuendelea kurekebisha sauti nyingine na kuziacha zote zitoke pamoja usiku.

Leseni ni dola 60 kwa matumizi binafsi au kwa biashara ambayo mapato yake ghafi hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. Zaidi ya hapo ni dola 225. Majaribio ni ya siku 60 bila kipengele chochote kufungwa, muda unaotosha kabisa kumaliza albamu ya kwaya kabla ya kuamua kulipa. Anayetengeneza biti peke yake na kutoa MP3 moja kwa mwezi hana sababu ya kuhama alipo.