Mtego wa sanduku wa kukamatia paka: wa kukunjwa wa dukani au wa fundi wa kuchomelea?

Paka wengi wa mtaani hawahitaji mtego. Anayekuja mkia juu, akajisugua mguuni na kulia huku akikutazama usoni, ni wa mtu au aliwahi kuwa wa mtu. Huyo ataingia kwenye tenga lenye mfuniko bila vita. Mtego wa sanduku, wa kumkamata paka akahasiwe kisha arudishwe alikotoka, ni wa yule mwingine, anayekula ukishaondoka, anayepita kimya akijibana ukutani, shume la jalalani ambalo hakuna aliyewahi kuligusa. Kwa huyo gunia halifai, wavu wa samaki haufai, na mkono mtupu ndio haufai kabisa.

Tathmini hii inalinganisha mitego miwili inayopatikana pwani. Mmoja ni wa kukunjwa, unaoagizwa kutoka nje, wenye mlango wa springi. Wa pili ni wa fundi wa kuchomelea, wa waya wa mraba, wenye mlango unaoshuka kwa uzito wake. Wa dukani unapata 3 kati ya 5. Wa fundi unapata 4, lakini kwa sharti kwamba umpe fundi vipimo wewe mwenyewe, kwa sababu yeye amezoea vizimba vya kuku na kuku hapigani na mlango.

Kabla ya kutoa pesa, mtazame paka. Ncha ya sikio moja, mara nyingi la kushoto, ikiwa imekatwa mstari ulionyooka kiasi cha sentimita 1, huyo alishahasiwa au kufungwa kizazi, na kumkamata tena ni kumtesa bure. Sikio lililochanika kwa ugomvi huwa na kingo za ovyo, halinyooki hivyo. Kama hujui ana mwenyewe au hana, uliza barazani na kwa muuza samaki kwanza. Akiwa anashikika, mvishe ukanda wa karatasi shingoni wenye swali na namba ya simu, umsubiri siku chache. Uwe karatasi kweli, si uzi wala plastiki, ili ukinasa mahali uchanike badala ya kumnyonga. Mwisho, tazama tumbo. Jike mwenye chuchu zilizovimba na manyoya yaliyonyonyoka kuzizunguka ananyonyesha. Ukimchukua leo bila kujua vitoto vilipo, vya chini ya wiki nne havitastahimili, maana bado haviwezi kutunza joto la mwili. Ukivikuta peke yao usikimbilie kuvibeba, kwani mama huenda kutafuta riziki kwa saa kadhaa. Nyunyiza unga kuzunguka kiota, urudi baadaye kutazama nyayo. Na maziwa ya ng'ombe, ambayo kila mtu huyakimbilia, huviharisha, na kitoto cha paka kinachoharisha hukauka maji haraka.

Cha kutafuta kabla ya mtego ni tarehe ya daktari wa wanyama. Watu hufanya kinyume, kisha wanabaki na paka mwitu ndani ya waya jioni ya Ijumaa na kliniki imefungwa. Muulize daktari kama anapokea paka asiyeshikika akiwa ndani ya mtego, maana wengi wamezoea paka wa kupakatwa. Muulize kama atashona kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, kwa kuwa hutamkamata tena kwenda kutolewa nyuzi. Mwombe akate ncha ya sikio na kumchanja kichaa cha mbwa paka akiwa bado amelala kwa dawa. Akikubali yote hayo, ndipo ufikirie sanduku.

Wa dukani una sifa zake. Ni mwepesi, hukunjika ukaingia mvunguni, na kibao chake cha kukanyagia kimeshajaribiwa kiwandani. Tatizo la kwanza ni urefu. Mingi inayouzwa kwa jina la mtego wa paka ina sentimita 60 tu, kipimo kinachofaa sungura. Kiwiliwili cha paka mzima bila mkia hukaribia nusu mita, kwa hiyo akikanyaga kibao makalio yake yako bado mlangoni. Mlango unamgonga mgongoni, anarudi nyuma kwa nguvu na kutoka, na mtego huo hataukaribia tena kwa miezi. Tatizo la pili ni springi. Hufunga kwa kishindo, na paka wengine watano waliokuwa wakisubiri zamu wanakuwa wamejifunza somo. La tatu ni hewa ya chumvi. Mjini kama Mombasa au Unguja, springi na bawaba nyembamba hushika kutu, mlango unashuka polepole au kuishia katikati. Mafuta ya kupikia hayasaidii, yakikauka hugeuka gundi. Paka grisi kidogo kwenye bawaba, kwa nje, kisha ufute inayobaki.

Sasa wa fundi. Mpe vipimo hivi: urefu sentimita 90, upana 28, kimo 35. Waya uwe wa kuchomelewa, wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5. Matundu ya sentimita 5 ni rahisi kupatikana na fundi atakushawishi uyachukue, lakini paka aliye nje huchokoa chambo kwa kucha bila kuingia, na kitoto huweza kupenyeza kichwa kikakwama. Wavu wa kuku usikubali hata kidogo, unachanika na ncha zake hukata pua. Mlango uwe kipande cha bati kinachoteleza ndani ya mifereji miwili, na ukingo wake wa chini uvishwe mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira huo hupunguza kishindo na huokoa mkia.

Kosa ambalo karibu kila fundi hulifanya ni kuacha mlango bila kilimi cha kuufunga ukishashuka. Anaona uzito wa bati unatosha. Hautoshi, kwani paka huingiza pua chini ya mlango, akaunyanyua na kutoka. Jaribio ni rahisi: funga mlango, kisha pindua mtego juu chini. Ukifunguka, mrudishie fundi papo hapo.

Kibao cha kukanyagia kienee upana wote wa sanduku, kiwe na urefu wa sentimita 20 hivi na kikae theluthi ya nyuma. Kikiwa chembamba paka atakiruka au atapita pembeni. Chupa ya maji ya nusu lita ikiwekwa juu yake taratibu, mlango ushuke. Kisosi chenye kipande cha samaki kisiushushe. Omba pia mlango wa pili nyuma, wa kuvuta juu, wenye pini, na bati dogo chini ya mpini ili makucha yasifikie vidole vyako. Kisha omba kitu ambacho hakimo katika mitego mingi ya dukani, yaani uma. Ni nondo nne za milimita 6 zilizochomelewa kwenye kipande kimoja kama kitana, zinazoshuka kupitia matundu ya juu hadi sakafuni. Kwa uma huo daktari humbana paka upande mmoja na kumdunga dawa ya usingizi kupitia waya, hakuna anayemshika. Kwa sababu ya uma peke yake mtego wa fundi unastahili ile alama ya ziada. Ncha zote za waya zipigwe tupa. Rangi usipake. Kama ameshapaka, uache mtego upigwe upepo wiki nzima.

Kuutumia. Lisha mahali pamoja, saa ileile, kwa siku tano au wiki. Siku tatu za mwisho weka chakula ndani ya mtego ambao mlango wake umefungwa kwa waya usishuke. Mkesha wa siku yenyewe usimpe paka mzima chakula chochote, maji yabaki, na majirani wenye huruma waambiwe pia, maana sahani moja ya wali na mchuzi kutoka nyumba ya tatu inaharibu kazi yote. Tandika gazeti sakafuni, paka hapendi kukanyaga waya. Chambo kiwe na harufu: jodari wa kopo au kibua wa kuchoma, kijiko kimoja nyuma kabisa, na matone machache ya mafuta yake kuanzia mlangoni. Kijiko kimoja tu, kwa sababu paka atapewa dawa ya usingizi na hafai kuwa ameshiba. Usitumie mifupa.

Vichochoro vya mji mkongwe havina sakafu iliyonyooka. Mtego ukitikisika paka akiweka mguu wa kwanza, amekwenda. Sukuma vipande vya ubao chini mpaka utulie, na uegeshe ubavu mmoja ukutani. Tega magharibi ikishaingia au alfajiri. Mchana kunguru watamaliza chambo, na jua likiupiga mtego uliofungwa, paka anaweza kufa kwa joto. Sisimizi nao hufika haraka, badilisha chambo kila saa moja. Usishangae ukikuta komba au nguchiro ndani. Fungua mlango wa nyuma ukiwa umesimama mbele, umwache aende zake. Kaa mbali lakini uuone mtego. Kuutega na kwenda kulala ni ukatili, paka atajigonga waya usiku kucha hadi pua itoke damu.

Ukisikia mlango, funika sanduku zima kwa kanga au shuka nene mara moja. Gizani hutulia ndani ya dakika chache. Usiingize kidole hata akionekana mpole. Akikuuma au kukuparura, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mtego wowote una mipaka. Paka aliyewahi kuponyoka mara nyingi hakubali kuingia tena. Kwake tumia kizimba kisicho na sakafu, kilichoegemezwa kwenye kijiti chenye kamba mkononi mwako, kisha umhamishie kwenye sanduku. Tena, kukamata mmoja mahali penye kumi hakubadilishi kitu. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo jike huzaa mwaka mzima, mimba ikichukua siku 63 hadi 65, na binti yake anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano. Lenga majike kwanza. Na usihamishie paka mtaa mwingine ukidhani umesaidia. Anapotea au anajaribu kurudi, na nafasi yake inachukuliwa na wengine wasiohasiwa.

Baada ya upasuaji, dume hukaa ndani ya mtego huohuo usiku mmoja, jike siku moja au mbili, mahali pakavu, pa kivuli, pasipo mbwa. Chakula apewe akishaamka vizuri. Damu ikiendelea kutoka, au akikataa kula saa 24, mrudishe kwa daktari. Dawa ya maumivu ya binadamu usimpe. Paracetamol humuua paka, hata nusu kidonge. Matone ya viroboto ya mbwa yenye permethrin nayo ni sumu kwake.

Mwachilie palepale ulipomkamata, mlango wa nyuma ukielekea mbali na barabara. Kisha osha mtego kwa sabuni, usuuze, na upitishe Jiki iliyozimuliwa, mililita 30 kwa lita moja ya maji. Baada ya dakika 10 suuza tena na uanike juani. Zile dawa za kuulia vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiingia majini zisikaribie mtego. Paka hujilamba miguu, na ini lake haliziwezi.