DeLorean DMC-12: usinunue filamu, nunua chesisi

Wengi wanaolitafuta gari hili hawakulijulia barabarani. Walilijulia kwenye Back to the Future, filamu ya Robert Zemeckis ya mwaka 1985, milango ikiwa imepaa na moshi ukifuka pembeni. Penzi huanzia hapo, na kosa la mnunuzi nalo huanzia hapo hapo. Anafika kwa muuzaji, anaona mng'ao wa stenlesi (chuma kisichoshika kutu ambacho ndicho mwili wa gari hili), anavuta mlango unapanda kama ubawa, anasahau kuinama. Stenlesi ya DeLorean haiozi. Kinachooza ni chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, na chesisi huioni ukiwa umesimama.

Historia kidogo, kwa kuwa ndiyo inayoeleza ubovu mwingi wa gari hili. John DeLorean, aliyekuwa bosi mkubwa General Motors, alijenga kiwanda Dunmurry, kando ya Belfast, Ireland ya Kaskazini, kwa msaada mkubwa wa fedha za serikali ya Uingereza. Umbo lilichorwa na Giorgetto Giugiaro. Uhandisi walipewa Lotus, nao wakaliwekea chesisi ya uti mmoja wa katikati, mtindo waliouzoea. Magari yalianza kutoka 1981, Marekani yakiuzwa kwa takriban dola 25,000. Februari 1982 kampuni ikawa mikononi mwa wafilisi, na mwaka huo ulipoisha kiwanda kilikuwa kimenyamaza. Yalitoka magari kama 9,000 tu. Kasoro ambazo viwanda vingine huzirekebisha mwaka wa tatu au wa nne wa uzalishaji, hapa ameachiwa mwenye gari.

Kilicholiokoa ni filamu. Mwanzoni mashine ya wakati, chombo ambacho watu wa filamu hiyo hukitumia kusafiri kwenda miaka mingine, ilipangwa kuwa jokofu, wakaogopa watoto wataanza kujifungia ndani ya majokofu nyumbani, wakahamia kwenye gari. DeLorean ilichaguliwa kwa ajili ya milango yake: ilibidi familia ya wakulima ya mwaka 1955 iione na kudhani ni chombo kilichoshuka kutoka angani. Kwa kuwa watu waliendelea kulitaka, akiba ya spea za kiwanda haikuishia kwenye vyuma chakavu. Sehemu kubwa iko Humble, Texas, karibu na Houston, kwa kampuni inayotumia jina la DeLorean Motor Company ingawa si ile ya awali. Gasketi, bushi, swichi, vioo, hata viti utapata. Jaribu kutafuta hayo kwa gari jingine la mwaka 1981 lililotengenezwa kwa idadi ndogo namna hii, ndipo utakapoona filamu imefanya kazi gani.

Kwenye mabati ya nje hesabu ni nyingine. Baadhi ya kalibu zilizotumika kuyafinyanga zilitoswa baharini pwani ya Galway zikawa nanga za vizimba vya samaki. Bati likiisha kwenye akiba, kupata jingine ni shida. Kwa hiyo gari lenye chesisi nzima lakini bati la pembeni limebonyea vibaya linaweza kukugharimu zaidi ya ulivyodhani, kwani stenlesi hailainiki kwa bodifila na rangi kama gari la kawaida. Hakuna rangi ya kuficha kitu. Fundi wa kunyoosha stenlesi lazima airudishe sawasawa, kisha arudishe na mistari midogo ya msuguo iliyo juu yake.

Tuje kwenye chesisi. Ni chuma cha kawaida kilichopakwa epoksi ya kijivu. Epoksi ikiwa nzima inalinda vizuri. Ikishapata ufa, maji yanaingia chini yake na kutu inatembea kimyakimya huku juu panaonekana pasafi. Pandisha gari kwenye stendi, chukua tochi na nyundo ndogo, gonga taratibu kuanzia mbele. Mlio ukibadilika kutoka mkavu kwenda mzito, au epoksi ikitoka vipande kama ganda la yai, hapo pana kazi. Mahali pa kwanza pa kutazama ni chini ya silinda kuu za breki na klachi. Mafuta ya breki yakivuja hula epoksi, yakaacha chuma kitupu. Pa pili ni mbele kwenye sehemu inayobeba tanki la mafuta, maana tanki la gari hili liko mbele. Muuzaji akikuambia chesisi imepakwa upya, omba picha za kabla ya kupakwa. Asipokuwa nazo, hesabu kama haijafanyiwa kitu.

Ukiwa huko chini, shika spana uende kwenye bolti mbili ndefu zinazofunga mikono ya saspensheni ya nyuma kwenye chesisi, moja kila upande. Hizi ndizo zinazoshikilia mwelekeo wa magurudumu ya nyuma, na za kiwandani zinajulikana kwa kupinda na kushika kutu ndani ya bushi. Legeza nati, zungusha bolti ukiangalia kichwa chake. Kikizunguka kwa kuyumba, bolti imepinda. Isipozunguka kabisa, imeshikana na bushi na itabidi ikatwe. Badilisha zote mbili kwa zile za chuma kigumu zinazouzwa siku hizi, na urudishe vipande vyembamba vya chuma (shimu) vinavyopanga mwelekeo wa gurudumu kwa idadi ileile upande uleule, kisha upeleke gari kwenye alainimenti. Bolti hii ikikatika ukiwa kwenye mwendo, gurudumu la nyuma linajiongoza lenyewe. Usiendeshe kwenda nyumbani gari ambalo bolti zake hizi hujazikagua. Mbele, mikono ya chini ya saspensheni ni ya bati jepesi na hupinda. Vipo vyuma vya kuiongezea nguvu, havina bei kubwa, vifunge.

Injini ni V6 ya PRV, yaani Peugeot, Renault na Volvo kwa pamoja, sentimita za ujazo 2,849, nyuma kabisa ya ekseli. Kwa Marekani ilitoa nguvu farasi 130 kwa gari la kilo 1,230 hivi, na asilimia 65 ya uzito huo iko nyuma. Kwa kweli si gari la mbio. Mngurumo unaousikia kwenye filamu ni wa Porsche 928, na spidi mita ya gari lililouzwa Marekani iliishia maili 85 kwa saa kwa amri ya sheria ya wakati huo, ilhali hadithi ilitaka gari lifike 88 ndipo lisafiri kwenda wakati mwingine, sawa na kilomita 142 hivi. Anayesubiri kusukumwa kitini atavunjika moyo. Anayetaka gari la kutembea nalo barabara ndefu kwa utulivu ataridhika, hasa akilipata la gia tano za mkono. Otomatiki yake ya gia tatu inachosha, na kompyuta yake ya gia inasumbua.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu injini hii kuliko wanavyodhani. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari Rally nchini Kenya kwa Peugeot 504 Coupé V6, na V6 hiyo ni ya ukoo huu huu wa PRV. Fundi aliyekulia kwenye Peugeot 504 ya kawaida ana elimu nusu tayari: bloku ya PRV ni ya aluminiamu, lakini laina zake (kuta za silinda zinazochomoka) ni za maji kama za 504, yaani zinaguswa na maji ya kupozea, zimekaa juu ya sili chini. Ukifungua silinda hedi, zibane laina kabla hujagusa krankshafti. Ukiizungusha bila kuzibana, laina zinapanda, sili zinaharibika, na injini iliyokuja kwa kazi ya gasketi inageuka kazi ya kushusha kila kitu.

Ugonjwa mkubwa wa PRV kwenye DeLorean uko kati ya safu mbili za silinda, chini ya manifoldi ya hewa. Pale pana bonde. Majani, vumbi na maji hushukia humo, tundu la kutolea maji nyuma linaziba, na tope linakaa juu ya aluminiamu miaka na miaka mpaka linatoboa bloku. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inaingia kwenye oili. Kabla ya kununua, chomoa kijiti cha oili na fungua kifuniko cha oili: rangi ya chai ya maziwa ni jibu tosha, ondoka. Ikiwa oili ni safi, bado pitisha tochi na kamera ndogo ya waya ukague bonde. Ukishalinunua, siku utakayotoa manifoldi kubadilisha hozi za maji zilizo humo, safisha bonde lote, zibua tundu, badilisha pampu ya maji na kila hozi usizozifikia kirahisi. Kazi hii haifanywi mara mbili.

Upozaji nao unataka adabu. Rejeta iko mbele, injini nyuma, bomba ndefu katikati, basi hewa inanasa kirahisi. Mtu anajaza maji mpaka juu, anawasha, geji inapanda, anadhani gasketi imeungua kumbe ni hewa. Jaza polepole mchanganyiko wa kulanti na maji nusu kwa nusu, fungua skrubu ya kutolea hewa penye thamostati mpaka kulanti itoke bila mapovu. Ipo hozi ndogo ya kufunga moja kwa moja kutoka hapo hadi chupa ya kulanti, ikitoa hewa yenyewe. Ni kati ya fedha bora utakazotumia. Chupa ya plastiki ya kiwandani hupasuka, weka ya stenlesi. Waya na breka (vikata umeme) za feni mbili za mbele huchemka mpaka plastiki inayeyuka, kwa hiyo gusa soketi zake baada ya feni kufanya kazi dakika kumi. Zikiwa za moto kupita kiasi, badilisha breka na rilei kabla ya safari yoyote. Maji ya bomba peke yake usitie, aluminiamu italiwa.

Mafuta yanaingizwa kwa Bosch K-Jetronic, mfumo uleule wa Mercedes W123 230E. Malalamiko ya kawaida ni kwamba gari linawaka vizuri likiwa baridi, linakataa likiwa na moto. Mara nyingi akyumuleta ya mafuta imekufa. Kazi yake ni kushikilia presha baada ya kuzima. Ikishindwa, petroli iliyo kwenye bomba inachemka kwa joto la injini na kuwa mvuke. Pima kwa geji ya presha, usibahatishe, na usianze kuzungusha skrubu ya mchanganyiko kwa alenki kabla hujajua presha ni ngapi. K-Jetronic nyingi huharibiwa na mkono wa mtu, hazijiharibu.

Alteneta ya mwanzo ilikuwa Ducellier, dhaifu mno kwa taa, feni na AC vikiwaka pamoja; kiwanda chenyewe kilihamia Motorola. Spidi mita inaendeshwa na kijigia kwenye gurudumu la mbele kushoto, nacho hufa mara kwa mara. Bomba la plastiki la klachi hutanuka, pedali inakuwa kama sponji. Weka la kusuka la chuma.

Milango inastahili heshima yake. Mzigo unabebwa na tosheni za chuma (fito zinazosokotwa zikafanya kazi kama springi) zilizotengenezwa na Grumman, zikapozwa kwenye naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika ili zishike msokoto bila kuchoka. Stati ya gesi, ile fimbo inayousukuma mlango juu, inasaidia tu. Mlango ukishuka wenyewe, badilisha stati kwanza. Usilegeze tosheni bila kifaa chake maalumu: msokoto ulio ndani yake unaweza kukuvunja mkono. Pembeni unahitaji nafasi ya sentimita 28 hivi tu, chini ya mlango wa gari la kawaida, ila tazama dari la gereji. Kitasa cha umeme nacho hujifunga chenyewe na kuunguza koili zake. Vipo vidhibiti vya kisasa.

Kusafisha stenlesi ni kazi rahisi wanayoikosea wengi. Alama za vidole hutoka kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha dawa ya vioo. Mikwaruzo midogo hutolewa kwa pedi ya kusugulia isiyo na chuma, mkono ukienda moja kwa moja kufuata mistari ya bati, bila kuzungusha hata kidogo. Stili waya usiiguse: chembe zake hubaki kwenye stenlesi, zikashika kutu, ukadhani mwili wa gari ndio ulioanza kuoza.

Sasa yale yaliyogeuzwa kuwa mashine ya wakati. Moja ya magari halisi ya filamu, lililofanyiwa ukarabati wa makini, linaonyeshwa kwenye makumbusho ya magari ya Petersen, Los Angeles, na mwaka 2021 liliingizwa kwenye orodha ya taifa ya magari ya kihistoria ya Marekani. Heshima hiyo imewafanya wengi kutoboa DeLorean nzima ili zifanane nalo. Kazi nzuri ipo, na ina watu wanaoifanya kwa uaminifu mkubwa. Lakini mashine ile hukaa palepale pa kifuniko cha injini, kwenye upande ambao tayari umebeba asilimia 65 ya uzito. Kioo cha nyuma kinakuwa hakionyeshi kitu, joto linakosa pa kutokea, na taa zote zile zinainyonya alteneta iliyokuwa na shida toka mwanzo. Uliza swali moja: vifaa vimefungwa kwenye fremu inayoondoka, au kwenye matundu yaliyotobolewa katika stenlesi na faiba iliyo chini yake? Likiwa la matundu, bei ishuke chini ya gari la kawaida, si kupanda juu yake. Tundu kwenye bati hili halizibwi lisionekane.

Karibu yote yana usukani wa kushoto, na Kenya kwa kawaida haipokei gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo ushauri huu utawafaa zaidi walioko Marekani na Ulaya. Kati ya gari lililokaa gereji miaka ishirini lenye kilomita chache, na lenye kilomita nyingi linaloendeshwa kila wiki na lina risiti za bolti za nyuma, hozi za bondeni na akyumuleta, chukua la pili hata kama muuzaji anaomba zaidi. La kwanza litakudai vyote hivyo ndani ya mwaka mmoja, na juu yake utaongeza kuosha tanki, pampu mpya ya mafuta na tairi: 195/60 rimu 14 mbele, 235/60 rimu 15 nyuma. Za nyuma si saizi ya kukuta kila duka, agiza mapema.