Google Sheets kwenye azimio la kazi: walimu watano, faili moja

Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika kwa awamu Tanzania Januari 2024, maazimio ya kazi ya zamani, yaani mipango ya kufundisha somo wiki kwa wiki, yalipitwa na wakati. Kukopi la mwaka jana na kubadili tarehe hakutoshi tena. Mwalimu anayekaa peke yake na muhtasari mpya wa somo atakisia vipindi, na jirani yake wa mkondo B atakisia vingine. Wengine huzunguka kazi hiyo kwa kurushiana faili la Word kwenye WhatsApp, mpaka yanakuwepo "AZIMIO MWISHO", "MWISHO KABISA" na "MWISHO 2", na mwalimu wa taaluma hajui lipi ni lipi.

Hapo ndipo Google Sheets inapofaa. Ni bure, akaunti inakuja na nafasi ya GB 15, na wote huandika kwenye faili lilelile kwa wakati mmoja. Wengi hukimbilia Google Docs kwa sababu inafanana na Word, lakini jedwali la azimio lina safu zisizopungua kumi, na kulijaza Docs kwa simu ni mateso. Azimio liende Sheets. Docs ibaki na andalio la somo, ambako hali ya kupendekeza humruhusu mwenzako kusahihisha bila kufuta ulichoandika. Sheets haina hali hiyo, ina maoni tu.

Maandalizi yafanyike kwenye kompyuta, mara moja. Mtu mmoja aandike vichwa vya safu za azimio: umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli, mwezi, wiki, vipindi, rejea, zana na kadhalika. Agandishe mstari wa kwanza ili usipotee mnaposhuka chini, afunge vichwa visihaririwe na wengine, na aruhusu maandishi yajikunje ndani ya seli. Ukiruka hatua hii ya mwisho, sentensi ndefu hukatwa na mtu anadhani seli haijakamilika. Kiungo kigawiwe kwa anwani za barua pepe za walimu wa somo. Kiungo cha "yeyote anaweza kuhariri" kikishaingia kundi la shule nzima, usishangae kukuta mstari umefutwa na asiyejulikana.

Faida yake kubwa iko pembeni, kwenye maoni. Chukua mstari wa kugawanya kwa baki, Darasa la III, ulioandikiwa vipindi 6. Mwalimu wa mkondo wa pili anabonyeza seli, anaandika: "Wanakwama kwenye baki. Tuongeze 2, tupunguze kwenye kujumlisha." Akianza na alama ya @ na anwani ya mwenzake, ujumbe unamfikia kwa barua pepe. Mjadala unabaki kwenye seli hiyohiyo, na mwakani atakayeandaa azimio ataona kwa nini ni vipindi 8. Jumuiya ya kujifunza ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) ikiketi, ajenda imeshajiandika.

Kasoro zipo. Chujio la kawaida (filter) likiwekwa na mmoja, wote huona mistari imepungua na kelele zinaanza kwamba kazi imefutwa. Tumieni mwonekano binafsi wa chujio (filter view). Kosa hujihifadhi lenyewe papo hapo. Historia ya matoleo inarudisha faili la jana, lakini ukilirudisha zima unafuta pia kazi nzuri ya wenzako ya leo asubuhi. Fungua toleo la zamani, nakili seli zilizopotea tu, uzibandike upya. Kwenye kompyuta, kubonyeza kitufe cha kulia juu ya seli kunaonyesha nani aliibadili. Bila mtandao, simu itafungua faili iwapo uliliwekea alama ya kupatikana nje ya mtandao kabla bando halijaisha.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni mwenye faili. Likiwa la mwalimu mmoja, naye akahama na kulifuta, wote mmelikosa. Umiliki unaweza kuhamishwa, ila anayepokea lazima akubali. Akaunti ya shule ni bora zaidi, mradi namba ya kuirejesha isiwe ya mtu anayesubiri uhamisho. Akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2, Google inaweza kuifuta.

Kuchapa: mlalo, A4, fiti kwenye upana wa ukurasa, kisha PDF. Safu zikizidi kumi na mbili herufi zinakuwa sisimizi, na mkuu wa shule atasaini asichokisoma.

Kwa walimu wawili wanaoshiriki ofisi moja, daftari na kalamu vinatosha. Kwa mikondo mitatu na kuendelea, au shule kadhaa za klasta moja, tunaipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano imeliwa na simu: kufunga vichwa vya safu kunahitaji kompyuta, na shule nyingi zina moja tu, iliyo mezani kwa mhasibu.