Makopo manne ya tumbaku ya kiko kwa ulimi unaoanza

Anayeanza kuvuta kiko hapa Unguja hukutana na tatizo ambalo maandishi ya kopo hayalitaji: hasikii ladha yoyote. Kopo limeandikwa asali, ganda la chungwa, njugu, zabibu, na yeye anapata moshi wa moto na ulimi unaowasha. Akimaliza makopo mawili hivyo, huamua kwamba ladha hizo ni maneno ya wauzaji. Si kweli, na ulimi wake pia hauna kosa. Mtu aliyekulia kwenye nyumba inayopikwa pilau, anayetofautisha karafuu iliyokauka vizuri na iliyovunda kwa kuinusa tu, ana pua nzuri kuliko wavutaji wengi wa Ulaya. Kinachomharibia ni maji yaliyomo ndani ya tumbaku.

Tumbaku ya kopo hufungwa ikiwa na unyevu mwingi kuliko inavyofaa kuvutwa, ili isivunjike vumbi njiani. Katika nchi zenye hewa kavu huachwa wazi mezani na mambo yakajisawazisha. Hapa pwani haijisawazishi. Makopo manne yafuatayo yamepimwa kwa mambo mawili: kila moja linaufundisha ulimi kitu gani, na linakuwaje katika hewa yetu.

Kabla ya yote, moshi wa kiko hauvutwi kifuani, lakini hilo haliufanyi kuwa salama. Unaleta saratani ya mdomo na ya koo, na nikotini yake inazoesha. Haya yameandikwa kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta. Asiyevuta asianze kwa ajili ya ladha.

Kiko chenyewe kwanza, kwa ufupi. Cha gunzi la mahindi kinatosha na kwa kujifunzia ndicho bora. Vinavyotengenezwa na Missouri Meerschaum, kiwanda cha Marekani kilichoanza mwaka 1869, ni vyepesi, havina uchungu wa kiko kipya cha mti, na gunzi hufyonza maji yanayokusanyika chini ya bakuli. Kikija na kichujio cha karatasi, kiondoe: kinapunguza harufu ambazo ndizo unazozitafuta. Vichujio vya mkaa vya milimita 9 kwenye viko vya mti ni vibaya zaidi kwa mwanafunzi wa ladha. Kila ukimaliza, pitisha waya wa manyoya kwenye mrija, kisha kipumzishe kiko hadi kesho yake.

Sasa maji. Tumbaku mbichi ikishika moto, maji yaliyomo huwa mvuke, na mvuke hubeba joto hadi ulimini kuliko moshi mkavu. Ndio unaounguza. Mvuke huohuo hupunguza harufu, na tena huzima moto, basi mvutaji huwasha upya na kuvuta kwa nguvu zaidi, joto likapanda, sukari ya jani ikaungua badala ya kutoa utamu wake. Karibu kila lawama ya anayeanza, kuanzia ulimi kuwasha, kiko kuzima mara kumi, maji kukoroma mrijani hadi ladha ya majani yaliyoungua, inatoka hapo.

Pima gramu 2 kwenye mizani ndogo, zinatosha kujaza bakuli la kawaida. Ikiwa tumbaku ni ya vipande bapa, vifikiche kwa vidole mpaka viwe nyuzi. Tandaza kwenye karatasi. Wakati wa kaskazi, ndani ya nyumba yenye upepo mkavu, dakika 20 hadi 30 zinatosha. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, karatasi ya mezani haisaidii kitu; unaweza kukuta tumbaku imezidi kuwa laini. Hapo itandaze kwenye sinia ya chuma juani kwa dakika 10, au juu ya mfuniko wa sufuria iliyo vuguvugu, usiyoweza kusema ni ya moto. Gramu 2 zikishuka hadi kama 1.85, kwa tumbaku iliyokuja mbichi sana, acha. Asiye na mizani abinye kidogo kwa vidole na kuachia: ikibaki donge, bado, ikifunguka yenyewe na bado ina ulaini, tayari, ikivunjika kuwa unga, imepita na harufu nyingi zimekwisha kwenda nayo.

Kujaza: imwage bakulini bila kuibinya mpaka ijae, ishindilie kwa wepesi hadi theluthi mbili, ijaze tena, ishindilie kidogo zaidi, kisha safu ya mwisho iishie chini kidogo ya ukingo. Vuta kabla ya kuwasha. Hewa ipite kama kunyonya dafu kwa mrija. Ikikataa, mwaga uanze upya, maana hakuna ufundi wa moto utakaoiokoa bakuli iliyoshindiliwa kupita kiasi. Na usikimbilie kiberiti: ile hewa baridi ina harufu za jani ambazo moto utazifuta, na ni somo la kwanza la kopo lolote.

Njiti ya kiberiti iache sekunde moja kichwa kiungue kwanza, harufu yake isiingie. Zungusha moto juu ya tumbaku yote. Itavimba na kuinuka. Ishindilie taratibu kwa kitu bapa, hata kichwa cha msumari safi, kisha washa mara ya pili. Viberiti vya petroli viachwe kwa sigara. Kutoka hapo kuvuta ni kwa kunywa kidogo kidogo: bakuli la gramu 2 likiisha chini ya nusu saa, umekimbia. Gusa kiko shavuni. Likishindwa kuvumilia, kiweke chini, hata kikizima. Kuzima si aibu. Jambo jingine ni mahali. Forodhani jioni kuna raha yake, lakini upepo wa baharini unakivutia kiko kwa niaba yako na kukichemsha, khasa miezi ya kusi. Baraza iliyo ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe ni mahali pazuri zaidi pa kuonjea.

Ladha yenyewe iko puani kuliko ulimini. Ulimi unatoa utamu, uchungu, uchachu, chumvi. Mengine yote, asali na njugu na ubani, ni harufu inayopanda nyuma ya kaakaa. Ukipuliza moshi wote mbele kwa mdomo, umetupa nusu ya tumbaku. Chukua moshi kidogo mdomoni, funga midomo, usimeze wala usivute pumzi, kisha usukume uzi mwembamba utoke puani. Mwanzoni itachoma. Punguza kiasi, usiache. Katika kila bakuli nusa hivyo mara tatu: theluthi ya kwanza, katikati, na karibu na mwisho, na kila mara andika maneno mawili au matatu. Weka karibu nawe vijaluba vya ganda la chungwa kavu, kakao, pilipili manga, tende, korosho za kukaanga na ubani. Jina la harufu linakuja haraka kitu chenyewe kikiwa karibu.

Onja ukiwa umekula, kwa sababu nikotini kwenye tumbo tupu huleta kizunguzungu na kichefuchefu; ikitokea, acha kiko na kunywa juisi ya miwa au chochote kitamu. Lakini usionje baada ya urojo uliotiwa pilipili. Huo hufunga ulimi kwa muda mrefu. Usiku wa Ramadhani, subiri baada ya futari na maji ya kutosha. Maji matupu ndiyo ya kunywa pamoja na kiko. Kahawa chungu inaifuta tumbaku nyepesi kabisa.

Kopo la kwanza liwe Prince Albert. Ni Burley ya Marekani, iko sokoni tangu mwaka 1907. Jani la Burley hukaushwa kwa hewa kivulini, kwa majuma kadhaa, na mwendo huo wa polepole unamaliza karibu sukari yote. Kwa hiyo halina utamu wa mbele. Lina njugu, kakao kidogo, ukavu wa mkate uliokolea. Nyuzi zake ni fupi, hukauka haraka hata masika, hushika moto bila ubishi na ni nadra kuuma ulimi kwa joto. Ladha yake ni ndogo, na anayetafuta maajabu atachoka nayo. Ila hapa unajifunza moto, ukiwa na tumbaku inayosamehe. Moshi wa Virginia, jani la kopo la pili, una tindikali; wa Burley hauna, basi nikotini yake hupenya mdomoni kwa wepesi zaidi. Bakuli moja kwa siku linatosha.

La pili, na ndilo mwalimu halisi wa ulimi, ni Orlik Golden Sliced kutoka Denmark: Virginia ya dhahabu iliyoshinikizwa na kukatwa vipande bapa, na Perique, tumbaku iliyochachushwa, kwa mbali. Virginia ndiyo ileile aina inayolimwa Tabora na Urambo kwa jina la tumbaku ya mvuke. Jani hutundikwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, joto likapita kwenye mabomba bila moshi kuligusa, na kwa siku chache tu linakauka huku sukari ikiwa bado imo. Utamu huo ndio unaousikia kwenye kiko. Nusa kopo: nyasi kavu za asubuhi, ganda la ndimu, mkate. Theluthi ya kwanza ya bakuli ni uchachu wa machungwa. Katikati huingia asali. Mwisho utamu huwa mzito, wa sukari guru iliyoanza kuungua, na hapo Perique hujitokeza kama mchomo mdogo puani. Mabadiliko hayo matatu, ukiyasikia wazi, umeshajua kuonja.

Lakini hakuna kopo kati ya haya manne linaloadhibu unyevu kama hili. Ikiwa mbichi, au ikivutwa kwa pupa, sukari inaunguza ulimi mpaka siku mbili. Ukipatwa, mtindi baridi hutuliza, na dawa hasa ni kuacha mpaka ulimi upone. Fikicha vipande vyote, usivikunje bakulini kama wafanyavyo wazoefu. Kausha zaidi ya unavyodhani inafaa. Kaa na kopo hili peke yake majuma mawili au matatu kabla ya kufungua jingine. Ulimi unaobadilishiwa tumbaku kila siku haujifunzi chochote.

Early Morning Pipe ya Peterson, ambayo wakongwe waliijua kwa jina la Dunhill, ni nyepesi: Virginia, majani madogo ya Kituruki, na Latakia kiasi cha kukuonyesha bila kukuzamisha. Latakia ya leo hutoka Kupro, jani lake hufukizwa kwa moshi wa kuni na vichaka vyenye harufu. Mtu wa Zanzibar hahitaji kufundishwa hapa. Aliyezoea chetezo nyumbani ataitambua mara moja: ngozi, moshi, kitu cha jamii ya ubani. Kosa la wengi ni kuishia hapohapo, wakaona moshi tu. Utafute uchachu mdogo, karibu na siki na maua makavu, uliopo chini yake. Huo ni wa majani ya Kituruki, na unasikika puani zaidi. Imekatwa nyuzi, dakika 15 za kukauka zinatosha kaskazi. Haiumi. Kwa wepesi wa kuvutwa katika hewa yetu, hii ndiyo ya kwanza kati ya zote nne.

Escudo Navy De Luxe iachwe mwisho. Ni Virginia na Perique, imesokotwa kamba na kukatwa vijiduara. Perique ni ya parokia ya St. James huko Louisiana. Hushinikizwa ndani ya mapipa ikachachuka katika maji yake yenyewe kwa miezi mingi. Matokeo yake ni pilipili manga puani, na nyuma yake tunda jeusi lililoiva, kati ya zambarau na tende, na ukwaju kidogo. Ina nguvu. Ukiionja kabla ya kuijua Virginia peke yake, hutajua kipi kimetoka wapi.

Mifuko ya tumbaku yenye manukato ya vanila na cheri haimo humu kwa makusudi. Inanukia vizuri kwa aliyekaa jirani, lakini anayevuta anapata maji ya moto, kwa kuwa mingi imetiwa dawa ya kuzuia isikauke, na hakuna jua la Unguja litakaloikausha sawasawa. Inafundisha manukato yaliyopakwa juu, jani lenyewe halisikiki. Tumbaku ya tambuu nayo ibaki kwenye uraibu: ni kali mno kwa kiko, na haikuandaliwa kwa moto.

Kopo likishafunguliwa hamishia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa mpira, ndogo, ijae, hewa iwe kidogo. Fanya hivyo siku kavu, mchana, kamwe si wakati mvua inanyesha. Mfuko wa plastiki hupitisha harufu pande zote mbili, na tumbaku iliyokaa kabati moja na karafuu itakuwa karafuu ndani ya mwezi. Kila juma iangalie kwenye mwanga: nyuzi nyeupe zenye manyoya na harufu ya godoro lililolowa ni ukungu, na chupa yote itupwe, usichague ya chini. Chengachenga zinazometa juu ya Virginia ya zamani ni kitu kingine, hazina manyoya wala harufu mbaya, na hiyo tumbaku inavutika vizuri kabisa.