Kuchepusha kesi za watoto enzi za Korona: simu ilifaa wapi, ilikwama wapi

Huduma tunayoipima hapa ni ile ya kumtoa mtoto aliyekinzana na sheria kwenye njia ya mahakama na kumweka chini ya makubaliano: aombe radhi, arudishe alichochukua, ahudhurie ushauri nasaha, afanye kazi ya jamii. Tunaizungumzia kama ilivyofanywa Kenya kuanzia Machi 2020, pale maofisa walipolazimika kuiendesha kwa simu. Uamuzi wetu ni huu: simu inaweza kubeba ufuatiliaji, lakini haibebi mwanzo wala upatanisho. Anayekuuzia mpango wa simu mwanzo hadi mwisho anakuuzia nusu ya huduma.

Haja ilikuwa kubwa mno. Shule zilifungwa katikati ya Machi, mahakama zikapunguza shughuli, na kuanzia tarehe 27 Machi kafyu ikaanza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kosa la kutovaa barakoa likawekewa faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Mtoto anayelala vibarazani hana mlango wa kuingia saa moja ikigonga, kwa hiyo kila usiku alikuwa mkosaji. Huku Ibara ya 53 ya Katiba inasema mtoto asizuiliwe ila kama njia ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mbali na watu wazima. Kumlaza seli yenye msongamano wakati wa maradhi ya hewa ni kumwadhibu kabla ya kesi.

Kituo cha polisi: hapa simu haifai

Saa 24 za kumfikisha mtu mahakamani ndizo zinazoamua kila kitu. Ndani ya muda huo mzazi aarifiwe, afisa wa watoto ahusishwe, na mwendesha mashtaka aone kama kuna ushahidi wa kutosha. Hili la mwisho husahaulika sana: kesi isiyo na ushahidi haichepushwi, inafutwa. Mpango unaopokea watoto ambao hawakupaswa kukamatwa tangu mwanzo utakuwa na takwimu nzuri za "waliofaulu", lakini takwimu hizo hazina maana.

Halafu kuna ridhaa. Mtoto lazima akubali kwa hiari kwamba alifanya kosa, aelezwe kwamba anaweza kukataa, na maneno yake yasitumiwe dhidi yake mpango ukivunjika. Dai sharti hilo la mwisho liandikwe kwenye karatasi ya makubaliano. Ridhaa kwa simu iliyowekwa spika juu ya meza ya OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, si ridhaa. Mtoto wa miaka 14 aliyekesha seli atasema "ndiyo" kwa lolote litakalomrudisha nyumbani, na aliye upande wa pili wa laini haoni nani amemkodolea macho. Afisa afike mwenyewe, akae naye nje, mita moja na nusu kati yao, hata kwa robo saa.

Masharti yaliyoandikwa kwa dunia nyingine

Sharti linalopendwa kuliko yote ni kuhudhuria shule. Sasa mwaka 2020 shule ilikuwa wapi? Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba, wengine wote wakasubiri Januari 2021. Makubaliano yaliyonakiliwa kutoka fomu ya zamani yalikuwa yamevunjika kabla wino haujakauka. Mbadala uliofaa ni vipindi vya masomo vya KICD, taasisi ya kukuza mitaala, kwenye redio ya taifa KBC, ila sharti litaje somo gani, saa ngapi, na nani ataweka sahihi kwenye daftari. Na kabla ya hapo, uliza kama nyumbani kuna redio na betri.

Wengine walipendekeza vijana wapelekwe Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa ajira za muda kwa vijana. Mpango ule ulikuwa wa umri wa miaka 18 hadi 35. Kijana wa miaka 16 hakuwa na nafasi pale.

Kazi ya jamii iliyoendana na wakati ule ilikuwa kutengeneza kibuyu chirizi, kifaa cha kunawia mikono ambacho hutoa maji ukikanyaga kijiti. Kazi hii inafanyika nje, inahitaji mikono miwili tu, ina mwisho unaoonekana, na inaweza kusimamishwa mbele ya duka la yule yule aliyeibiwa. Chukua jerikeni ya lita 5. Pasha msumari moto, toboa tundu moja ubavuni, upande wa mdomo, kiasi cha sentimita 12 kutoka kitakoni. Chimbia miti miwili yenye panda, urefu wa mita 2, ndani ya ardhi nusu mita, kwa nafasi ya sentimita 70. Pitisha fito kwenye mkono wa jerikeni na kuilaza juu ya panda, kisha funga kamba kutoka kwenye kifuniko hadi kijiti cha kukanyaga chini. Tundu likiwa chini mno maji yatadondoka mchana kutwa. Likiwa pana, jerikeni inaisha kwa watu wachache. Sabuni itobolewe na kuning'inizwa kwa kamba, la sivyo itapotea siku ya kwanza. Makubaliano yataje pia nani atajaza maji na kwa wiki ngapi. Bila hilo umetoa adhabu ya asubuhi moja tu.

Ufuatiliaji: simu ni ya nani?

Hapa ndipo huduma ya simu ilistahili sifa. Mazungumzo ya dakika kumi, mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza, kisha mara moja, yanamgusa mtoto mara nyingi kuliko ziara moja ya mwezi. Tena hayahitaji video. Familia nyingi zina mulika mwizi, simu ya kawaida isiyo na intaneti, na bando likiwekwa kuwa sharti, maskini ndiye atakayefeli.

Yanayoharibu ni madogo madogo. Simu ni ya mama, na mama yuko sokoni mchana, kwa hiyo piga jioni. Salio lilipwe na mpango. Mtoto aflashi, afisa apige. Andika namba mbili, ya pili iwe ya jirani au mzee wa Nyumba Kumi, kikundi cha majirani cha usalama, ambaye mzazi amemkubali, maana laini hupotea. Anza kila mara kwa swali la ndiyo au hapana: uko peke yako? Kubalianeni neno moja la kawaida litakalomaanisha hali ya nyumbani si salama, na mtoto aijue namba 116 ya msaada kwa watoto, ya bure.

Kukosa simu mbili kusihesabiwe kuvunja masharti. Kuanzia Aprili hadi tarehe 7 Julai 2020 watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi na vitongoji vyake wala Mombasa; Kwale na Kilifi nazo zilifungwa Aprili, zikafunguliwa mapema Juni. Mtoto aliyekwama Voi kwa bibi yake hakuwa ametoroka.

Upatanisho

Radhi kwa simu ni mbaya. Sauti inakatika, kimya cha aibu kinasikika kama kiburi, na aliyekosewa anakata. Uwanja wa chifu chini ya mti, watu sita, barakoa, dakika arobaini: ilitosha, mradi ilimalizika mapema kuwahi kafyu.

Tunaipa huduma hii alama 5 kwa 10: ufuatiliaji 8, masharti 5, kituoni 3. Sheria ya Watoto ya 2022 imeuweka uchepushaji wazi, jambo ambalo ile ya 2001 haikufanya, na imepandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12. Kwa mtoto anayekana kosa, usiikubali hata kama ni njia ya mkato. Ana haki ya kusikilizwa mahakamani. Kwa anayemaliza masharti, dai barua ya kufunga faili yenye mhuri na tarehe, nakala moja kituoni, moja kwa afisa wa watoto, moja nyumbani. Faili iliyoachwa wazi ni rahisi kufufuliwa akikamatwa tena kwa jambo jingine.